Mzee Aliyetukatia Umeme Tusiokuwa Nao

Kwa jirani yetu, giza likianza kuingia, mtu wa kwanza kupita mlangoni alitakiwa abonyeze swichi. Ilikuwa swichi nyeupe, safi, na waya wake ulipita ndani ya ukuta mpaka darini, ukatokeza juu ya meza ya chakula na kushika balbu. Kila kitu kilikuwepo isipokuwa umeme. Ukishabonyeza, Shangazi, yaani mke wa mwenye nyumba, aliwasha chemli akaiweka mezani chini ya balbu ile ile, watu wakala. Kabla ya kulala mwenye nyumba alizunguka chumba kwa chumba akizima. Akikuta swichi imeachwa, aliuliza ni nani amelala bila kuzima, na mwenye kosa alihubiriwa juu ya uharibifu wa mali.

"Siku ukiwaka," alisema, "nyumba nyingine watashangaa wiki nzima. Sisi tutaendelea kula."

Mlimani kwetu aliitwa Mzee wa Makadirio. Jina la ubatizo analo na ninalijua, ila halikutumika. Hata Shangazi alilitumia akiwa amekasirika tu. Alifanya kazi mjini, kwenye shirika la umeme, chumba cha mipango. Kazi yake ilikuwa kukadiria Mwanza itataka umeme kiasi gani wakati sisi watoto wa sasa tutakapokuwa na wajukuu, utoke wapi, upite wapi, na nani aanze kupata. Asubuhi alishuka mlima na mkoba wa ngozi na ramani iliyokunjwa ndani ya kipande cha bomba la maji, ili mvua isiilowanishe. Watoto wadogo waliamini umeme wenyewe umo ndani ya lile bomba. Mimi niliamini mpaka darasa la nne.

Tulipakana naye kwa mwamba. Mlima wetu, huu ulio juu ya Kirumba, ni mawe yaliyokaa juu ya mawe na nyumba zimejipenyeza katikati. Kati ya uwanja wetu na wake palikuwa na mwamba mpana ambao Mama na Shangazi walianikia dagaa na mihogo. Jioni, kutoka hapo, tuliona taa za mjini, taa za viwanda vya minofu ya sangara ambavyo miaka hii vinaota ufukweni kama uyoga, na taa za meli ikirudi kutoka Nansio. Zote ziko chini yetu. Baba Kulwa, balozi wetu wa nyumba kumi, alikuwa akisema sisi ndio watu pekee Tanzania tunaoishi juu ya umeme na hatuupati.

Mimi ni mtu wa aibu, niseme mapema. Wageni wakija naenda jikoni. Nikiulizwa kitu mbele za watu, maneno hayatoki. Kwenye ripoti ya shule wameandika "mpole", maana yake hawaijui sauti yangu. Watu wazima wengi hawamvumilii mtoto asiyejibu. Watamtania, watamjibia, au watauliza kama anaumwa. Mzee wa Makadirio aliniuliza siku moja, nikiwa kidato cha kwanza, nikimaliza shule nataka kuwa nani. Nikaangalia vidole vya miguu. Mama akaingilia, "Atakuwa nesi huyu."

"Mama, hajajibu," alisema Mzee. "Tusimjazie."

Akangoja. Kisha akaniambia jibu likipatikana nimpelekee, hata kama ni baada ya miaka, akaomba maji ya kunywa. Tangu hapo tukikutana njiani aliniuliza, "Bado?" Nami natikisa kichwa, naye anasema hakuna tatizo. Ndiyo sababu namwandika yeye na siandiki juu ya mjomba wangu aliyekwenda Ulaya.

Salamu zake zilikuwa na tahadhari. Ukimwambia shikamoo alijibu, "Marahaba, kwa sasa." Ukimuuliza kama Jumapili atafika kanisani alisema zipo hali tatu, ya juu, ya kati na ya chini. Katika hali ya juu mvua inanyesha, bwawa la Mtera linajaa, wawekezaji wanakuja, naye anafika kanisani na sadaka ya noti. Katika hali ya kati anafika. Katika hali ya chini anasali nyumbani. Shangazi alikuwa akikutana na mambo haya jikoni.

"Baba, nipike ugali au wali?"

"Unatarajia wageni?"

"Nitajuaje?"

"Basi kadiria."

"Nimekadiria utakula ugali."

Na alikula ugali.

Binti yake mkubwa aliolewa na kijana wa Sengerema. Kwa kuwa bwana harusi angevuka ghuba kwa kivuko, na vivuko vina tabia zao, Mzee aliandaa sherehe tatu. Kama kivuko kitawahi, ukumbini. Kikichelewa, uwanja wa kanisa. Kikikwama kabisa, kwaya isubiri gatini na kumpokea palepale atakapotia mguu, hata ikiwa jioni, ili asijisikie vibaya. Siku yenyewe magugu maji yalifunga njia ya kivuko. Bwana harusi alikuwa mwerevu kidogo. Alivukia upande mwingine, akaja kwa barabara kupitia Usagara, akafika kanisani mapema kuliko wote na kukuta pako kimya. Kwaya ilikuwa gatini. Kivuko kilipofaulu kujichomoa, abiria wa kwanza kushuka alikuwa mchuuzi wa mbuzi, na kwaya ikaimba beti zote. Yule mtu alivua kofia akasikiliza mpaka mwisho. Alipogundua ni harusi alitoa mbuzi mmoja. Mzee alisema mpango umefanya kazi, maana mbuzi hakuwemo katika hali yoyote.

Kwenye jumuiya yetu ya sala hawakupenda kumpa zamu ya kuomba. Mwaka ule wa ukame, wakati redio kila jioni ilitangaza kina cha maji cha Mtera na mji mzima ukawa kwenye mgao wa umeme, alisimama akaomba mvua. Wakulima wa pamba waliokuwepo wakaitikia kwa nguvu. Akaendelea, "Bwana, usiilete hapa. Hapa haina kazi. Ipeleke Mtera." Mama mmoja mwenye shamba la mahindi Misungwi akasema chinichini kwamba mtu huyu aketishwe.

Mgao wenyewe ndio uliompa sifa. Ratiba ya kukata umeme kwa mitaa aliiandika yeye, na kwa sababu alizoea kuangalia mbele, aliuweka na mlima wetu. Ikabandikwa mjini hivyo hivyo. Jumanne na Ijumaa tulikuwa tunakatiwa. Shangazi alikatazwa kugusa swichi siku hizo. Nilidhani watu watakasirika, kumbe walifurahi. Mtaa mzima ulitembea kifua mbele kwa kukatiwa. Fundi wetu wa nguo, ambaye cherehani yake ni ya kukanyaga kwa miguu, aliwaambia wateja wake, "Suruali yako ingekuwa tayari, lakini jana si unajua tulikatiwa." Na wateja wakaelewa.

Sasa niseme kuhusu friza, maana bila hiyo haya yote ni vichekesho tu.

Mama anauza samaki kwenye mwalo wa Kirumba. Samaki hana subira. Asubuhi sangara ana bei yake, jua likipanda bei inashuka, na mchana mawakala wa viwanda wanakuja na magari yao yenye barafu wanasimama tu, hawasemi kitu, wanangoja. Wanajua huna pa kumweka. Mama alikuwa akirudi nyumbani ananuka samaki na hasira. Biashara ilipofunguliwa na vitu vya Dubai vikaanza kushuka mpaka Mwanza, aliuza shamba alilorithi kwa bibi yake akanunua friza. Ndefu, nyeupe, ina kufuli. Alisema akiwa na barafu yake hatamwangalia wakala usoni mpaka yeye mwenyewe apende.

Ilipandishwa mlimani na wanaume wanne kwa kamba, na kona moja ilishikwa na Mzee wa Makadirio. Ikawekwa sebuleni. Mama akaifunika kwa kitenge. Ndani tukaweka unga, vitabu vyangu vya shule, na nguo za Krismasi. Baba, ambaye anafundisha Sengerema na huja mwisho wa mwezi, aliingia, akaiangalia, akauliza amekufa nani.

"Umeme unakuja," Mama alisema. "Jirani yetu ndiye anayeupanga."

"Basi ni jeneza letu sote," alisema Baba, akavua viatu.

Haikupita muda, Mzee akaanza kupita nyumba kwa nyumba kwa kazi ya ofisi. Alitaka kujua, kama kila nyumba ingekuwa na umeme, ingeutumia kwa nini. Mtaa wenye matumizi makubwa ungetangulia, wa matumizi madogo ungengoja. Hakueleza hivyo, kwa sababu alisema ukimweleza mtu faida ya jibu, hutapata jibu, utapata faida. Akauliza swali tupu.

Watu wa kwetu wana ng'ombe, na mtu mwenye ng'ombe hafundishwi kujibu swali la namna ile. Anapokuja mtu wa ofisini na kalamu kuuliza una nini, ng'ombe wako ni wa shemeji, wa shemeji wamekufa, na wewe mwenyewe ni mgonjwa. Babu zetu walijibu hivyo kwa watu wa kodi, na baba zetu wakajibu hivyo kwa watu wa michango. Basi Mzee aliuliza, na mlima mzima ukajibu.

"Taa moja," alisema Baba Kulwa, mwenye mashine ya kusaga ya dizeli inayosikika mpaka ziwani.

"Moja tu, balozi?"

"Tena ndogo. Tunalala mapema."

Fundi wa nguo alisema hata hiyo taa haihitaji, macho yake ni mazima. Alipofika kwetu nilikuwa jikoni, nachungulia. Mzee alikaa kwenye kiti kilichogusana na friza, akaweka mkoba wake juu yake.

"Mama, ukipata umeme utatumia nini?"

"Taa moja, mzee wangu."

"Na hiki?"

Mama alivuta kitenge kikashuka mpaka chini. "Hilo ni sanduku la nguo."

Mzee aliinua mkoba, akaandika. Niliona midomo yake ikisoma anachoandika: sanduku la nguo. Miezi baadaye mpango ukatoka, na kwa makadirio ya shirika mlima wetu wote, kwa miaka yote inayoonekana, ungetumia umeme mdogo kuliko ule wa baa moja ya Kirumba. Tukawekwa awamu ya tatu, ya mwisho kabisa.

Kabla sijafika kwenye ugomvi, niandike vitu vyake vingine, nisije nikavisahau.

Aliogopa umeme. Hili si wengi walilijua. Shangazi alimwambia Mama kwamba ofisini kwao alingoja mtu mwingine awashe taa, na pasi ya umeme ya dada yake kule Dar aliikimbia. Alisema yeye ni kama mpishi asiyekula anachopika, maana anajua kilichomo.

Alikuwa na redio ya betri, na betri zikichoka alizipanga juu ya mwamba jua lizichome, kama anavyofanya kila mtu. Tofauti ni kwamba alizipanga kwa vikundi vitatu.

Alipanda mikaratusi kutoka barabarani mpaka mlangoni kwake, kwa mstari ulionyooka, penye udongo wowote aliouona kati ya mawe. Hiyo ilikuwa nguzo za baadaye. Alipiga hesabu ili ikomae mwaka ule ule awamu ya tatu itakapoanza. Mikaratusi ikapenda mahali pale, ikakua kwa fujo, ikawa tayari mapema. Nilimkuta asubuhi moja amesimama chini ya mmoja wao, mikono kiunoni, anauambia, "Nani kakutuma?"

Hakumkadiria sangara. Hilo lilimuuma kweli. Katika mpango wake wa zamani, uliotengenezwa kabla hatujahamia mlimani, Mwanza ilikuwa mji wa pamba milele: vinu vya pamba vingeongezeka, na umeme ungeelekea huko. Pamba ikaanguka, samaki akapanda ndege kwenda Ulaya, viwanda vikaja na jenereta zao wenyewe, havikumuuliza mtu. "Samaki alinipita chini," alisema. Tangu hapo hakula sangara. Alikula sato.

Na alikuwa na neno moja ambalo nimelishika: usiniulize kitatokea nini, niulize kikitokea tutafanya nini. Alilisema kwa kila jambo, pamoja na mtihani wangu wa hisabati, ambao ulitokea.

Sasa ugomvi. Mpango hurekebishwa, na Mzee alipotakiwa kurudia kuuliza, siri ilikuwa imeshavuja mjini: wenye matumizi makubwa ndio wanaotangulia. Baba Kulwa akaita mkutano kwenye mwamba, juu ya dagaa.

"Safari hii sitaki kusikia mtu wa taa moja," alisema. "Mtu asiyeweza kutaja friji mbili asije kwangu kuomba barua ya balozi."

Mzee alipopita, mlima ulimngojea. Baba Kulwa alikuwa na mashine za kusaga za umeme sita, kiwanda cha kukamua mafuta, na ukumbi wa video. Fundi wa nguo alikuwa na cherehani za kutosha kushonea jeshi. Bibi mmoja mjane anayeishi juu kabisa, penye mawe ya mwisho, alifikiri sana, kisha akasema anataka lifti.

"Lifti ya nini, bibi?"

"Ya kunipandisha kutoka kisimani."

Mzee akaandika lifti. Alipofika kwetu kitenge kilikuwa kimeondolewa, friza imepanguswa inang'aa. Mama, kwa kuona aibu kubaki nyuma ya wenzake, alisema yeye atakuwa na friza sita.

Makadirio mapya yakatoka. Mlima wetu ulikuwa utatumia umeme kushinda viwanda vyote vya ufukweni. Hakuna transfoma ya kuubeba. Ingebidi kijengwe kituo kizima cha kupozea umeme, na kituo kinataka uwanja tambarare, na mlimani kwetu hakuna mahali tambarare pa kuweka hata meza. Kwa hiyo tukatolewa awamu ya tatu. Mzee akatufungulia awamu ya nne, ambayo haikuwepo, na akaja kututangazia akiwa amevaa tai. Aliona ni heshima. Hakuna mtaa mwingine uliopewa awamu ya peke yake.

Siku hiyo Mama alimfuata mpaka kwake. Mimi nilibaki kwenye mwamba, nikijifanya nageuza dagaa.

"Mzee, hii friza uliipandisha na sisi. Ulishika kona."

"Nilishika."

"Ulijua ni friza."

"Nilijua."

"Mara ya kwanza ukaandika sanduku."

"Uliniambia sanduku, mama."

"Mara ya pili ukaandika sita."

"Ulisema sita."

"Kwa nini hukuandika moja?"

Nilidhani atataja hali tatu. "Hakuna aliyeniambia moja," alisema. "Nikianza kuandika ninachokijua mimi badala ya wanachosema watu, kesho nitaandika ninachokitaka."

Mama alisema basi na akale hiyo karatasi. Kwa muda mrefu hawakusemeshana. Mwamba ukagawanywa kwa mstari wa chokaa, dagaa wetu huku, mihogo yao kule. Salamu zilipitia kwangu, jambo ambalo kwa mtu wa aibu ni adhabu. Mama aliendelea kushuka mwaloni asubuhi na kurudi mchana na hasira ile ile, na mwaka huo mawakala walishusha bei mpaka akaanza kuongea juu ya kuuza friza. Baba alisema nani atanunua jeneza lililokwishatumika.

Halafu, katikati ya wiki, mchana, Mzee alionekana akipanda mlima. Haikuwa kawaida. Mkoba ulikuwepo na bomba lilikuwepo, lakini tai ilikuwa mfukoni. Shirika linatayarishwa kwa wawekezaji, na watu walikuwa wanapunguzwa. Alipita kwake bila kuingia, akavuka mstari wa chokaa, akabisha hodi kwetu. Mama alinitazama, nikamtazama Mama. Akamkaribisha. Kiti kilikuwa kile kile, ubavuni mwa friza.

"Pole, mzee," Mama alisema. Habari ilikuwa imeshapanda kabla yake.

"Asante. Niliwaandalia hali tatu," alisema. "Shirika likibaki la serikali, likiuzwa nusu, likiuzwa lote. Niliandika kila kitu. Mitambo, nguzo, magari." Akapangusa jasho kwa ile tai. "Mama, katika zote tatu mimi nilikuwepo."

Hakuna aliyecheka. Nilimletea maji. Alikunywa, akaweka bilauri juu ya friza, akawa anaiangalia, kama mtu asiye na kazi anavyoangalia kitu.

"Samaki unauzia wapi siku hizi?"

"Kirumba, mzee. Kuna pengine?"

"Kirumba umeme upo?"

"Si wewe uliyeupeleka?"

"Niliupeleka." Nje kuku alipita. "Na hii friza umeiweka huku juu."

"Nimeiweka nyumbani kwangu. Ulitaka niiweke wapi?"

"Miaka yote hii," alisema polepole, "nimekuwa nikipanga jinsi ya kuupandisha umeme uifuate friza."

Mama aligeuka akaangalia chini, upande wa Kirumba. Alikuwa na rafiki Kirumba, mwenye saluni ya nywele, nyuma yake kuna kichumba chenye soketi, kilichojaa makopo ya dawa za nywele. Wamesuka pamoja kila mwezi tangu nizaliwe.

Kesho yake ikawa vita. Baba Kulwa alisikia friza inashushwa akaja mbio, akasimama mlangoni amenyoosha mikono.

"Mayu, haitoki," alimwambia Mama kwa heshima ya Kisukuma. "Huu ndio mzigo wa umeme wa kweli pekee tulio nao mlimani. Ikishuka, makadirio yetu yanaanguka. Watakuja kukagua watakuta nini? Lifti ya bibi?"

"Baba Kulwa, samaki wangu wanaoza."

"Watu wote wanaoza kidogo kwa ajili ya maendeleo."

Wanaume waliokuja na kamba walisita. Balozi ni balozi. Ndipo Mzee wa Makadirio akapita katikati yao, akainama, akashika kona ile ile aliyoishika siku ya kupanda.

"Balozi," alisema, "awamu ya nne niliifungua mimi. Leo naifunga. Shika hapo."

Baba Kulwa alimwangalia. Kisha, kwa kuwa kamba ilikuwa imeshaanza kuvutwa na yeye alikuwa amesimama mahali pabaya, alishika. Kushuka ni kugumu kuliko kupanda. Friza ilikwama kati ya mawe mawili, ikabidi unga na vitabu vyangu vya shule vitolewe kwanza. Hakuna aliyekumbuka kuvitoa nyumbani. Kule saluni wanawake waliokuwa chini ya mashine za kukaushia nywele walisogeza miguu, tukapita. Mzee alisimama nje wakati wa kuchomeka. Baba Kulwa ndiye aliyechomeka, akaruka nyuma. Friza ikatetemeka, ikaanza kunguruma.

Asubuhi iliyofuata wakala alisimama mbele ya Mama akingoja jua, kama kawaida yake. Jua likapanda. Mama akafungua mfuko, akamwaga barafu juu ya sangara wake, akakaa kwenye ndoo na kuanza kumchambulia mchele mama lishe wa jirani. Wakala alirudi mara mbili, na mara ya pili yeye ndiye aliyeanza kusema.

Mama akanipa kipande cha barafu ndani ya bakuli, amekifunika kwa gunia, nimpelekee Mzee. Nilikimbia mlima mzima. Nilimkuta amekaa kwenye mwamba peke yake, hana mkoba, mikono haijui ikae wapi. Nikamwamkia, nikamwonyesha, nikashindwa kueleza. Hakungoja nieleze. Alikitoa kwenye bakuli akakishika mkononi, akakihamishia mkono mwingine, akarudisha, maana kilimuuma, na maji yakaanza kumwagika kwenye kiwiko mpaka kwenye suruali. Shangazi alikuwa anapanda kutoka kisimani, ndoo kichwani, mwendo wake ule wa kuhesabu mawe.

Mzee akasimama.

"Mama, fanya haraka," aliita.

Shangazi alisimama palepale. Alishusha ndoo taratibu, akaifuta mikono kwenye khanga.

"Umesemaje?"

"Fanya haraka. Njoo."

"Wewe?" alisema Shangazi. "Wewe ndiye unaniambia mimi haraka?" Lakini alikuwa ameshaiacha ndoo njiani, ameshika khanga kwa mkono mmoja, anakuja mbio.